Shajara ya mradi: ngozi ya bawa inayohifadhi umeme

Lengo na kipimo

Tunatengeneza kipande cha ngozi ya bawa la ndege ndogo isiyo na rubani, milimita 120 kwa 80, chenye seli ya betri ya milimita 100 kwa 60 ndani yake. Seli hii si mzigo uliofichwa kwenye ngozi. Nyuzi za kaboni zinazobeba msongo wa bawa ndizo hizohizo zinazopokea lithiamu wakati wa kuchaji.

Kipimo tulichokubaliana ni kimoja. Chukua wati-saa kwa kilo za paneli, gawanya kwa zile za betri ya kawaida ambayo ndege ingebeba. Chukua ukakamavu wa paneli, gawanya kwa ule wa ngozi ya kawaida yenye uzito uleule. Jumlisha. Jawabu likizidi 1, ndege inapungua uzito. Lisipozidi, ni afadhali kubaki na ngozi ya kawaida na betri ya kawaida, hata kama paneli inawasha taa vizuri mezani. Kwa betri ya kulinganishia tunatumia wati-saa 180 kwa kilo (Wh/kg), uzito wa kasha ukiwa umehesabiwa.

Alama za njiani zipo. Chuo Kikuu cha Chalmers cha Uswidi kilitangaza mwaka 2021 betri ya aina hii yenye 24 Wh/kg na ukakamavu wa gigapaskali 25. Mwaka 2024 kilifika 30 Wh/kg na zaidi ya gigapaskali 70, yaani ukakamavu wa alumini. Anayesoma 30 pekee ataona ni kidogo mno mbele ya betri ya simu. Anayejumlisha na ukakamavu ataelewa kwa nini tunashughulika.

Wiki ya 1 na 2: mpangilio wa matabaka

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa seli moja: nyuzi za kaboni juu, kitenganishi cha kitambaa cha nyuzi za kioo katikati, elektrodi chanya chini. Tumeutupa kabla ya kukata chochote. Uzi wa kaboni ukipokea lithiamu hurefuka kwa kiasi kinachokaribia asilimia 1 na kunenepa kwa asilimia kadhaa. Upande mmoja ukirefuka na mwingine usirefuke, paneli inapinda kila inapochajiwa. Kuna watafiti wanaoitumia tabia hiyo kwa makusudi kutengeneza vitu vinavyobadili umbo, lakini ngozi ya bawa ikipinda yenyewe ni kasoro.

Mpangilio uliobaki una nusu mbili zinazofanana, moja ikiwa taswira ya nyingine. Kuanzia nje kuelekea katikati:

- kitambaa cha kioo cha gramu 50 kwa mita ya mraba, kwenye epoksi
- foili ya alumini ya mikroni 20, ya kuzuia unyevu
- nyuzi za kaboni zilizotandazwa, gramu 40 kwa mita ya mraba, zisizopakwa mafuta ya kiwandani
- matabaka mawili ya kitambaa cha kioo cha gramu 25
- foili ya alumini ya mikroni 15 iliyopakwa fosfati ya chuma ya lithiamu pande zote mbili (elektrodi chanya)

Kisha yanarudi yaleyale kwa mpangilio wa kinyume hadi nje ya pili. (Foili ya nje haikuwamo tangu mwanzo; sababu iko kwenye wiki ya 7.)

Hesabu ya chaji: kila upande wa foili una miligramu 6 za fosfati kwa sentimita ya mraba. Tukichukua 150 mAh kwa gramu, hiyo ni 0.9 mAh. Nyuzi, ambazo ndizo upande hasi, zina miligramu 4, na kwa 250 mAh kwa gramu zinapokea 1.0 mAh. Upande hasi lazima uwe na nafasi zaidi kuliko chanya, la sivyo lithiamu hujipaka juu ya nyuzi kama chuma badala ya kuingia ndani. Kwa sababu hiyohiyo nyuzi zinakatwa ziwe pana kuliko fosfati kwa milimita 1 kila upande. Kwa sentimita 60 za mraba, pande mbili, jumla ni 108 mAh. Mzunguko wa kwanza hula sehemu ya lithiamu, na kwa nyuzi za kaboni hasara hiyo ni kubwa. Tumeiweka robo kasoro, inabaki kama 84 mAh. Voltiji ya wastani ni 2.8, chini ya ile ya betri ya fosfati yenye grafiti, kwa kuwa uzi wa kaboni huachia lithiamu yake kwa mteremko mrefu, si kwa kiwango kimoja.

Uamuzi wa kuweka seli kwenye ngozi ya chini ya bawa si wa urahisi wa kuunganisha waya. Resini inayopitisha ayoni ina ukakamavu wa karibu gigapaskali 0.5, wakati epoksi ya kawaida ina kama 3. Katika kuvuta, uzi unajitegemea. Katika mgandamizo, uzi unahitaji resini iushike usijikunje, na resini laini haiwezi. Bawa likiwa linabeba ndege, ngozi ya chini inavutwa na ya juu inagandamizwa. Kwa hiyo chini.

Wiki ya 3: kukausha

Kazi yote ya seli inafanyika ndani ya sanduku la glavu lenye gesi ya agoni, maji chini ya sehemu 1 kwa milioni. Kitambaa cha kioo na elektrodi chanya: saa 12 kwenye oveni ya ombwe, nyuzijoto 120. Nyuzi za kaboni hivyohivyo, lakini zishikwe kwenye fremu, kwani bila mafuta ya kiwandani zinatawanyika zikiguswa tu. Monoma (molekuli ndogo zitakazoungana kuwa polima, yaani plastiki ya resini) inakaa siku mbili juu ya chembe za kufyonza maji za angstromu 3.

Tulijaribu kuokoa muda kwa kukausha kioo saa 3. Seli iliyotoka humo ilivimba kwenye mzunguko wa kwanza. Kioo kinaonekana kikavu, lakini maji yameng'ang'ania uso wa kila uzi, na kitambaa chembamba kina uso mkubwa ajabu. Saa 12 hazipunguzwi tena.

Wiki ya 4: resini inayopitisha ayoni

Hapa ndipo kiini cha mradi. Resini ngumu haipitishi ayoni, na kimiminika kinachopitisha ayoni hakibebi kitu. Njia tunayofuata ni kuchanganya monoma na elektroliti ya kimiminika vikiwa sawasawa, kisha kuacha joto litengeneze polima. Polima inapokua huacha kupatana na kimiminika, vinatengana, na unabaki na sifongo gumu lenye matundu madogo mno yaliyoungana, yamejaa elektroliti. Upitishaji unaopatikana ni kama simensi 2 × 10⁻⁴ kwa sentimita.

Elektroliti, mililita 20: ethilini kabonati na propilini kabonati kwa uzito sawa, na chumvi mbili za lithiamu, LiBOB gramu 2.33 na triflati ya lithiamu gramu 1.25. Hiyo ni moli 0.6 na 0.4 kwa lita. LiBOB imo kwa sababu triflati ikiwa peke yake hutafuna foili ya alumini ya upande chanya, na LiBOB huijengea foili utando wa kinga. Dimethili kabonati, ambayo wengi huipenda kwa wepesi wake, haifai hapa. Inachemka kwenye nyuzijoto 90 hata bila ombwe, na sisi tunapika kwenye nyuzijoto 90 chini ya ombwe.

Kwa paneli moja tunachanganya gramu 5: monoma ya dimethakrileti yenye bisfenoli A gramu 2.5, elektroliti gramu 2.5, AIBN miligramu 25, kianzishi kinachofanya monoma ianze kuungana. Kinachoingia kwenye seli ni gramu 1.2 tu, kinachobaki kinamezwa na mrija na kingo. Tone moja linawekwa kwenye chupa ndogo na kupikwa pamoja na paneli. Likitoka gumu na lenye ukungu kidogo, sawa. Likitoka jeupe kama maziwa na kutoa jasho, matundu yamekuwa makubwa mno na ukakamavu umepotea, hivyo paneli hiyo haiendelei.

Mambo mawili yameharibu vipande vya majaribio. Oksijeni huzuia methakrileti kuiva: kipande kilichopikwa nje ya kifuko cha ombwe kilibaki kinanata juu ingawa chini kilikuwa kigumu. La pili ni AIBN, ambayo ikivunjika hutoa gesi ya naitrojeni. Kwenye tabaka jembamba gesi inapata njia, kwenye dimbwi lililobaki pembeni inaacha mapovu. Tunapandisha joto nyuzijoto 1 kwa dakika hadi 90, tunakaa saa moja, na kabla ya hapo kingo zinakamuliwa kwa roli zisibaki na dimbwi.

Wiki ya 5: paneli ya 1

Voltiji sifuri. Uzi mmoja wa kaboni, wa mikroni 5, ulipenya kitambaa cha kioo kutoka ukingoni na kugusa fosfati. Wakati huo kitambaa kilikuwa tabaka moja kila upande. Ombwe la kukandamiza lina nguvu ya kilopaskali 100, na uzi uliosimama wima haushindwi kupita kwenye tundu la kitambaa.

Tumebadili mambo matatu. Matabaka mawili ya kioo, la pili likizungushwa ili matundu yasikutane. Kioo kinazidi nyuzi kwa milimita 5 pande zote. Nyuzi zinakatwa nje ya eneo la kupanga seli, kwa wembe mpya kila mkato, na ukingo unapitishwa utepe wa kunata kuondoa vipande vilivyolegea. Kabla ya resini kuingia, seli kavu inabanwa kwa ombwe na kupimwa ukinzani. Ikisoma chini ya megaomu 1 inafunguliwa.

Kuna aliyependekeza utando wa polipropilini unaotumika kwenye betri za kawaida. Unazuia uzi vizuri, lakini resini haiushiki. Ungekuwa mpasuko uliopangwa tayari katikati ya ngozi.

Wiki ya 6: paneli ya 2, viunganishi

Upande hasi tunatumia foili ya shaba ya mikroni 10, kwa sababu alumini ingemezwa na lithiamu kwenye voltiji za chini. Upande chanya ni alumini, kwa sababu shaba ingeyeyuka kwenye voltiji za juu. Mwisho wa nyuzi umepakwa gundi ya fedha na kubanwa na shaba, lakini nje ya eneo lenye elektroliti, kwani fedha nayo hula lithiamu. Milimita 8 za nyuzi tupu zinatosha kutenganisha.

Nyuzi zenyewe ndizo njia ya umeme, na kaboni ni dhaifu katika hilo: ukinzani wake mahususi ni karibu 1.5 × 10⁻⁵ omu-mita, mara elfu moja hivi ya shaba. Kwa tabaka la urefu wa milimita 100 na upana wa 60, unene wa kaboni tupu ni mikroni 22. Ukinzani unatoka omu 1.1. Kwa mkondo wa miliampia 54 kwa kila tabaka, unaoingia kidogokidogo kwenye urefu wote, voltiji inayopotea hadi mwisho ni kama milivolti 30. Inavumilika.

Sasa chukua ngozi ya mita moja. Ukinzani ni mara 10, mkondo ni mara 10, na upotevu ni mara 100, yaani volti 3. Seli nzima ina 2.8. Ukurasa huu wa hesabu umetufaa kuliko majaribio mengi. Umeme hauwezi kutolewa mwishoni mwa bawa, lazima uchukuliwe na kamba za shaba kila milimita 100 au 150, na uzito wa kamba hizo uingie kwenye hesabu tangu leo.

Wiki ya 7: kifuko cha betri kinaondoka

Paneli ya 2 ilifungwa kwenye kifuko cha kawaida cha seli bapa, kisha kifuko kikawekwa kati ya matabaka ya epoksi. Ilishika chaji. Kwenye jaribio la kupinda kwa nukta tatu ilikuwa na ukakamavu wa kusikitisha, na ilipopasuliwa sababu ilionekana kwa macho: seli inaelea ndani. Upande wa ndani wa kifuko ni polipropilini, ambayo haishikani na resini yetu, hivyo msongo hauvuki. Nyuzi za gharama zilikuwa zimekaa pale bila kazi.

Kwa hiyo ikaingia foili ya mikroni 20 iliyokwaruzwa na kupakwa praima (rangi ya msingi), epoksi nje na resini yetu ndani, ukingo wa milimita 10 ukifungwa kwa epoksi. Epoksi peke yake hupitisha unyevu polepole, foili haipitishi, na njia pekee iliyobaki kwa maji ni huo ukingo. Foili inagusa nyuzi hasi, na alumini kwenye voltiji hiyo ingemeza lithiamu. Kwa hiyo praima inapakwa mara mbili na kupimwa kwa volti 50 kabla ya kufunga. Praima ikiwa na tundu la sindano, foili inaanza kuvimba vidoadoa ndani ya siku chache. Limeshatokea mara moja, paneli ya 3.

Epoksi ya nje ni ya kuiva kwenye joto la kawaida na kumaliziwa nyuzijoto 60. Vitambaa vilivyotiwa resini tayari, vya kuiva nyuzijoto 120 hadi 180 kama vinavyotumika kwenye ndege kubwa, vingeua seli. Paneli inatolewa chaji yote kabla ya kuunganishwa na kitu chochote.

Wiki ya 9: paneli ya 4

Mzunguko wa kwanza kwa mkondo wa moja ya ishirini, yaani wa kujaza seli kwa saa 20, kikomo cha juu volti 3.5. Baadaye, kwa moja ya kumi, tunatoa 47 mAh. Hesabu ilisema 84.

Shaka ya kwanza iliangukia kitenganishi. Lakini mikroni 56 za resini yenye upitishaji wetu ni omu 28 kwa sentimita ya mraba, hata ukizidisha mara mbili kwa ajili ya kioo kilichomo, upotevu kwa mkondo huu ni milivolti chache. Kitenganishi hakina hatia. Tatizo liko ndani ya fosfati: matundu ya mpako ni membamba, resini imeingia lakini polima yake inachukua nusu ya njia, na ayoni hazifiki chini karibu na foili kwa wakati. Ushahidi ni kwamba mkondo ukipunguzwa hadi moja ya hamsini, chaji inapanda sana.

Sasa uzito. Seli tupu ni miligramu 54 kwa sentimita ya mraba, na kwa 84 mAh karatasi inasema 73 Wh/kg. Ongeza foili za nje na kioo cha epoksi, miligramu 31, inashuka hadi 46. Weka 47 mAh tuliyoipata, ni 26. Ukingo wa kufungia hatujauhesabu, kwa sababu kwenye paneli kubwa unakuwa mdogo. Kwenye hii ndogo ungekula sehemu kubwa.

Ukakamavu kwa kuelekea nyuzi: kaboni inachangia meganyutoni 12.8 kwa mita, foili 3.9, kioo kama 2.8. Jumla 19.5. Ngozi ya kaboni ya kawaida, matabaka ya pande zote, ya uzito huohuo ingekuwa na kama 27. Uwiano ni 0.72. Ongeza umeme, 26 kwa 180, ni 0.14. Jumla ni 0.86, na kama fosfati ingefanya kazi yote ingekuwa 0.98.

Hatujafika 1. Ukilinganisha na ngozi ya nyuzi za mwelekeo mmoja, tuko mbali zaidi. Lakini hesabu inaonyesha wapi pa kukamata: kaboni ni chini ya sehemu moja kwa kumi ya uzito wa paneli. Mpako wa fosfati na foili yake ni miligramu 17 zisizobeba karibu chochote. Kuupaka uzi wa kaboni wenyewe fosfati na kuondoa foili ya katikati, kama Chalmers walivyofanya mwaka 2024, si urembo. Ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote.

Wiki ya 11: baridi, joto na moto

Kwenye nyuzijoto −20 paneli ya 4 karibu haitoi kitu kwa mkondo wa moja ya kumi. Ethilini kabonati ikiwa peke yake huganda kwenye nyuzijoto 36. Propilini kabonati inaishusha, lakini ndani ya matundu madogo mwendo wa ayoni bado unazorota. Nje ya ndege kubwa angani ni nyuzijoto −50 na zaidi, na ngozi ndiyo sehemu inayoipata baridi hiyo kwanza. Kwa ndege yetu ya chini hili linavumilika. Kwa ndege ya abiria, mahali pa kuanzia ni ndani ya kabati la abiria, kwenye sakafu au kuta za ndani, ambako joto ni la binadamu.

Moto ni suala gumu zaidi. Januari 2013 ndege zote za Boeing 787 zilizuiwa kuruka baada ya betri za lithiamu kuungua, na ziliporuhusiwa Aprili mwaka huo betri ilikuwa ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje. Bawa haliwezi kuwekwa ndani ya sanduku. Fosfati ya chuma ni tulivu kuliko oksaidi ya kobalti iliyokuwa kwenye betri zile, na kila paneli yetu ina nishati ndogo, lakini kabonati zinawaka. Tumekata ukanda wa paneli isiyo na chaji na kuushikia moto: epoksi ya nje inazima haraka, ukingo unaendelea kuwaka pale elektroliti inapotoka. Ukingo huo unahitaji epoksi yenye fosforasi kabla ya jaribio lolote rasmi.

Wiki ya 12: paneli ya 5, inaendelea

Fosfati nyembamba zaidi, miligramu 4 kila upande badala ya 6, ili ayoni zifike chini. Nyuzi zinabaki gramu 40, hivyo nafasi ya ziada ya upande hasi imekuwa kubwa na mzunguko wa kwanza utakula lithiamu zaidi. Ili kufidia, tabaka moja la nyuzi linapewa lithiamu kabla ya kupangwa, kwa kulikandamiza na foili ya lithiamu ndani ya elektroliti kwa dakika 30. Uzi uliopewa lithiamu unakatika kirahisi ukikunjwa, kwa hiyo fremu haiondolewi hadi kioo kiwe juu yake.

Resini imeingia jana. Ukinzani wa seli kavu ulisoma zaidi ya megaomu 20. Tone la chupa limetoka na ukungu, halina jasho. Paneli inapumzika saa 24 kabla ya chaji ya kwanza.